Mwaloni wa Kona ya Magharibi

Kijito cha Mawe, Kentucky
Machi 12, 1804

Kaka yangu Ambrose,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Drusilla na watoto wote, na uniambie kama yule mdogo ameacha kukohoa. Sisi huku wazima. Thirza amenipita urefu na anaringa kwa hilo. Ng'ombe mwekundu alizaa katikati ya theluji, ndama tukamlaza karibu na moto siku nne, na sasa hataki kabisa kurudi zizini. Huu ni mwaka wa tatu tangu Silas afariki. Shoka nalishika mwenyewe na mikono imeshazoea.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mfanyabiashara wa Filadelfia aitwaye Lemuel Garrigues, ambaye hajawahi kukanyaga Kentucky hata kwa bahati mbaya, na ana karatasi inayosema shamba hili ni lake. Unajua jinsi Virginia ilivyogawa ardhi ya huku ilipokuwa bado chini yake: kila aliyeomba alipewa, na hakuna aliyeangalia kama pale pameshatolewa kwa mwingine. Karatasi zimelaliana juu ya shamba moja. Yetu ni ya Aprili 1784, ulipompimia Baba. Yake ni ya 1786, kwa hiyo sisi tumetangulia.

Lakini wakili wangu, Bwana Tolliver Peake, anasema tarehe haitoshi. Lazima ithibitike kwamba mpimaji alitembea mipaka yote kwa miguu yake na kutia alama kwenye kila kona. Kona tatu hazina neno. Garrigues anadai ile ya nne, ya magharibi, kwenye mwaloni mweupe, haikuwahi kutiwa alama na mtu yeyote wakati ule, na kwamba shamba lisilo na kona ya nne si shamba.

Katika watu waliokubebea mnyororo wa kupimia, mmoja alizama mtoni na mwingine amevuka Mississippi na hajulikani aliko. Umebaki wewe. Nenda kwa mahakimu wawili wa hapo kwenu, uape kwamba uliutia alama mwaloni ule, wakifunge kiapo chako kwa lakiri na unitumie. Ni kazi ya asubuhi moja.

Garrigues amependekeza tupatane kabla ya Julai mosi: niachiwe nusu ya chini yenye nyumba na miti ya matunda, yeye achukue nusu ya juu yenye chemchemi na malisho. Nimemwambia Peake asubiri jibu lako, ingawa sioni cha kusubiri.

Dada yako,
Keturah Bascom


Kaunti ya Culpeper, Virginia
Mei 6, 1804

Mdogo wangu Keturah,

Barua yako ililetwa na mchunga ng'ombe aliyeiweka ndani ya kofia yake, na mvua imeonja maneno kadhaa, lakini tumeisoma. Mtoto ameacha kukohoa. Drusilla anakusalimu na anauliza kama huko mnapata chumvi ya kutosha ya kuhifadhi nyama. Kondoo wamezaa vizuri mwaka huu, pacha watano. Kanisa limenichagua kuwa shemasi, kazi ambayo nilidhani ni ya kubeba sahani ya sadaka, kumbe ni ya kusuluhisha kina mama wawili wanaogombania benchi moja. Mguu wangu wa kushoto unauma kuanzia nyongani hadi kisiginoni, na daktari ananipaka mafuta ya tapentaini yanayowakimbiza hata mbwa.

Mipichi ilichanua mapema na imeanza kutunga. Naogopa baridi itarudi.

Kuhusu lile suala la Bwana Garrigues, miaka ishirini ni mingi, Keturah. Mwaka ule mvua ilinyesha sana. Nimekaa nikafikiri, na kwa maoni yangu nusu yenye nyumba ni nusu nzuri. Mjane mwenye binti mmoja hahitaji malisho yote yale. Chukua hiyo nusu, utie sahihi, ulale.

Kaka yako akupendaye,
Ambrose Tarrant


Kijito cha Mawe
Juni 14, 1804

Kaka Ambrose,

Nashukuru kusikia kwamba mtoto ni mzima. Hongera kwa ushemasi. Pole kwa mguu. Chumvi tunayo. Thirza anasalimu na anasema mjomba wake aandike zaidi kuhusu kina mama wa benchi, maana alicheka sana. Mimi sikucheka.

Nilikuomba neno moja ukanipa kondoo, pichi na tapentaini. Nilipofika mwisho wa karatasi nikaigeuza, nikidhani jibu umeliandika nyuma.

Sikiliza nikueleze, labda sikujieleza vizuri. Kesi hii ingesikilizwa hapa, kwenye mahakama ya kaunti, ningeshinda kabla ya chakula cha mchana. Watu kumi na wawili wangeapishwa ili waamue kesi, na wote wangekuwa majirani waliotuona tukivunja ardhi hii kwa jembe, na nusu yao wana Garrigues wao wenyewe anayewaandama. Ndiyo maana hakuileta hapa. Kwa kuwa yeye ni mtu wa jimbo jingine, sheria inamruhusu kwenda moja kwa moja mahakama ya shirikisho, Frankfort, kwa jaji ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote wa huku na ambaye atakaa kitini hadi afe. Bunge letu la Kentucky limetunga sheria za kuwalinda waliokwisha kulima. Peake anasema jaji akitaka anaweza kuzisoma, kuzikunja na kuziweka kando.

Nimekwenda. Siku mbili juu ya farasi, daraja limebomoka, tukavuka maji yakinifika magotini. Jaji ni mwembamba na mpole, na upole wake uliniudhi kuliko ukali. Aliniuliza ni nani aliyepima shamba hili. Nikasema, "Kaka yangu, mheshimiwa, na yu hai, na ataapa."

Akasema, "Basi tutamsubiri kaka yako, mama."

Mbele ya watu wote nimesema hivyo. Mti wenye alama upo pale pale, kila mtu ameuona. Na ile nusu ya Garrigues nimeikataa. Nyumba bila chemchemi ni nyumba ya kubebea maji, na nusu ya juu ndiyo Silas aliyoing'oa visiki kwa miaka minane hadi mgongo ukamwisha. Peake amekwisha kuandika barua ya kukataa. Basi acha kunishauri, uende kwa hakimu.

Keturah


Culpeper
Agosti 1, 1804

Mdogo wangu,

Joto limetuzidi hapa, mahindi yamejikunja majani, na tumefanya maombi ya mvua Jumapili mbili. Binti yetu Lavinia ameposwa na kijana wa kinu, mtu mwema, mzito kidogo wa kufikiri. Drusilla anashona tangu asubuhi.

Nimesoma kwamba umekataa ile nusu. Nilikaa kitini kwa muda hadi Drusilla akaja kuniuliza kama nina homa.

Mahakimu wamekuja hapa mara mbili kwa ajili ya kiapo chako, na wakili wa Garrigues alituma mtu wake kusikiliza, kama sheria inavyompa haki. Mara ya kwanza mguu uliniuma sana. Mara ya pili nilikuwa nimekwenda kumwona mgonjwa. Usinikasirikie. Kiapo si kitu cha kutuma kama nyama ya nguruwe, na mimi sasa ni mtu ambaye wengine wanamtazama.

Fikiria jambo jingine, Keturah. Chumba cha juu hapa kwetu ni kitupu, na Lavinia akiolewa chake nacho kitabaki wazi. Njoo na Thirza. Huko mmeteseka vya kutosha. Utazikwa karibu na Mama. Kuhusu kona ya magharibi nakuomba usinisukume tena, kwa maana nina sababu zangu na si za uvivu.

Ambrose


Kijito cha Mawe
Septemba 9, 1804

Ambrose,

Hongera kwa Lavinia. Tuko wazima. Hizo ndizo salamu.

Nina maswali mawili. Mti uliutia alama, ndiyo au hapana? Na kama ni ndiyo, ni kitu gani kinachokushika ulimi?

Nakukumbusha, maana naona umesahau. Baba alipogawa mali alituita wote wawili jikoni. Wewe akakupa shamba la Culpeper, lenye nyumba ya mawe, ghala, na makaburi ya wazee. Mimi akanipa karatasi uliyochora wewe. Mama alilalamika kwamba haikuwa sawa, Baba akamjibu kwamba ni sawa kabisa, kwa sababu Ambrose ameipima ardhi ile kwa mkono wake na ni nzuri mara mbili ya hii. Ulikuwa umesimama karibu na dirisha. Hukusema kitu.

Miaka kumi na moja nimelima juu ya neno lako, minane ya kwanza pamoja na Silas. Silas amezikwa juu yake, kwenye nusu ya juu. Garrigues akishinda nitaomba ruhusa ya mtu wa Filadelfia kwenda kupalilia kaburi la mume wangu, na wewe unaniambia kuhusu chumba cha juu.

Jaji amepanga kusikiliza kesi wiki ya mwisho ya Novemba. Usiniandikie barua nyingine isiyo na kiapo ndani yake. Sitaifungua.

Keturah


Culpeper
Oktoba 21, 1804

Keturah,

Humu ndani utakuta karatasi iliyofungwa kwa lakiri mbili. Usiifungue. Mkabidhi karani wa mahakama kwa mkono wako. Jumanne iliyopita niliweka mkono juu ya Biblia mbele ya mahakimu wawili na nikaapa kwamba tarehe kumi na tisa Aprili, 1784, niliutia alama mwaloni ule kwa shoka langu mwenyewe, mikato mitatu upande wa mashariki.

Sasa na wewe unidai ukweli, kwa kuwa umekwisha kupata ulichotaka.

Sikufika pale. Mvua ilinyesha siku saba. Tulitia alama kona tatu za kwanza kama inavyotakiwa. Siku ya nane, karibu na chemchemi yako, tulikuta jivu lenye moto ndani na nyayo nyingi za Washawnee, wenyeji waliokuwa wakipigana na wapimaji wa ardhi. Wabeba mnyororo walikataa kuendelea, na mimi sikuwashurutisha, kwa maana nilikuwa naogopa kuliko wao. Tulikaa chini ya mwamba tukala nyama baridi ya paa, na pale pale nikachora mistari miwili ya mwisho gotini. Nikaandika mwaloni mweupe kwa sababu Kentucky haina kona isiyokuwa na mwaloni mweupe. Wapimaji wengi walifanya vile. Tulikuwa tunalitania jambo hilo tukikutana.

Kisha Baba akagawa mali na nikanyamaza dirishani, kama usemavyo. Nilikuwa na mke na mtoto, na ile nyumba ya mawe niliitaka. Mlipohamia huko nikawa silali. Halafu ikaja barua yako ya 1793, ukaandika kwamba Silas ameikuta alama yangu kwenye mwaloni, mikato mitatu, upande wa mashariki. Nilipiga magoti ghalani. Nikajiambia mwindaji fulani alipita akakata, au Mungu amenionea huruma, na sikutaka kujua ni kipi.

Mwaka huu nilitaka uchukue ile nusu. Nilikuambia kwa namna nilivyoweza. Nilishindwa kukuambia kwa namna nyingine, kwa kuwa ningekuwa nakuambia kwamba nimekaa ndani ya nyumba yako kwa miaka ishirini.

Jumapili sikushiriki meza ya Bwana. Nilisema ni mguu.

Ambrose


Kijito cha Mawe
Desemba 4, 1804

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima na mvua imekuja. Tumechinja nguruwe wiki iliyopita, Thirza amejifunza kutia moshi mapaja vizuri kuliko mimi, na ndama yule sasa ni dume zima lakini bado anakuja kugonga mlango kwa pembe.

Barua yako ilinifikia Novemba ishirini na sita. Nilikuwa nimekwisha kutandika farasi. Niliisoma nimesimama uani, nikaisoma tena nimekaa juu ya gogo, na Thirza akaniuliza ni nani aliyekufa.

Sasa soma pole pole.

Kulikuwa na amri ya jaji ambayo hukuijua, na mimi nilikuwa nimeijua kwa siku kumi tu. Alimteua mpima ardhi wa mahakama kwenda kwenye mwaloni na wakili wa kila upande, kukata kipande cha mti mahali penye alama. Wanasema shoka likijeruhi mti, mti huzungusha pete mpya moja kila mwaka juu ya jeraha. Unakata, unahesabu, na unajua jeraha ni la lini. Lako lilitakiwa kuwa na pete ishirini na kitu.

Tulikwenda siku ya pili baada ya barua yako kufika. Theluji nyepesi, watu kama kumi na watano, majirani wamekuja na mkate wa mahindi mfukoni kama wanaokwenda kutazama mbio za farasi. Kiapo chako kilikuwa ndani ya koti langu. Mpimaji alikata kwa msumeno, akalowesha kipande kwa mate, akahesabu kwa ncha ya kisu, akampa wakili wa Garrigues naye akahesabu, akampa Peake. Hakuna aliyebishana. Pete kumi na moja.

Kila mtu pale alishangaa isipokuwa mimi, kwa maana nilimshikia Silas farasi alipokuwa anakata. Oktoba 1793. Tulikuwa tumetafuta alama yako kwa wiki tatu, mti kwa mti, mimi nimembeba Thirza mgongoni. Silas akasema Ambrose hawezi kukosea, mti wake umeanguka, tuchague mwingine, hakuna atakayejua. Akapiga mikato mitatu. Usiku ule nikakuandikia kwamba tumeipata. Niliandika hivyo kwa sababu Baba alikuwa angali hai na angeisoma barua, na sikutaka aone kama tunakusema vibaya. Nilikulindia heshima yako, Ambrose. Na tangu Machi nimekusukuma uape juu ya mti ambao najua ni nani aliyeukata, nikijipa moyo kwamba wako ulikuwepo mahali fulani, umeoza.

Peake alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Barua ya kaka yako imefika?"

Wakili wa Garrigues alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwetu na kile kipande cha mti kwapani. Alijua kuna kiapo, mtu wao alikuwepo ulipoapa. Alikuwa anaisubiri tu karatasi iingie mahakamani, aiweke kando ya zile pete kumi na moja, halafu wakufungulie kesi ya kusema uongo chini ya kiapo.

Nikasema, "Haikufika. Njia ni mbaya."

Nilirudi nyumbani nikaitia motoni na lakiri zake zote mbili. Ilinukia vizuri, kama kanisani. Bila hiyo karatasi, hakuna ulichosema mbele ya jaji yule. Ijumaa alitoa hukumu kwa ule upole wake, akasoma kurasa kumi na mbili, na mwisho wa kurasa zote shamba lote ni la Garrigues, juu na chini. Natakiwa kutoka kabla ya Aprili. Ruhusa ya kaburi ameiandika bila kuombwa, na nilikasirika kwamba sikuweza kumchukia hata kwa hilo.

Nimekukasirikia hadi nimechoka. Ungeniambia Mei kwamba hukufika, nami ningekuambia kuhusu Silas, na sasa hivi ningekuwa nachota maji mbali, lakini nalala ndani ya nyumba yangu. Badala yake tumeandikiana habari za kondoo. Mimi nilikuwa na nusu ya ukweli na wewe nusu, na kila mmoja akaificha kama mali ya wizi.

Chumba chako cha juu sikitaki. Sitapanda ngazi ile kila usiku nikihesabu ni mawe mangapi ya nyumba ni yangu. Mimi na Thirza tunavuka mto Ohio mwezi wa Machi, kwenda Indiana. Huko serikali inapima kwanza ndipo inauza, kwa miraba, na kila mraba una nambari. Wanasema wenyeji wa asili wameshatia sahihi kuiachia ardhi ile. Nilianza kuuliza ni akina nani waliotia sahihi na walielezwa nini, nikaacha, kwa sababu ninaihitaji. Umeona, bado sijajifunza.

Utakuja. Sikuombi. Muage Drusilla kwa msimu mmoja, mwachie shamba yule mzito wa kufikiri, uwe hapa kabla barafu ya mtoni haijayeyuka. Kuhusu kanisa utajua mwenyewe, lakini kabla hujaondoka uwaambie ukweli wote, nisije nikaishi tena na mtu anayetunza siri. Serikali imeweka alama zake huko na zitakuwa nzuri, lakini sitalala juu ya ardhi nyingine kwa neno la mtu. Utatembea mistari yote minne, na ule mguu, na mimi nitakuwa nyuma yako nimeshika ncha ya mnyororo.

Dada yako,
Keturah